Jaji akitoa adhabu nyepesi, apigiwe kura ang'oke? Yasemwayo na yaliyo kweli

Tarehe 5 Juni 2018 wapiga kura wa kaunti ya Santa Clara, California, walimng'oa Jaji Aaron Persky kwa takriban asilimia 62 ya kura. Miaka miwili nyuma alikuwa amempa kifungo cha miezi 6 Brock Turner, mwogeleaji wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyetiwa hatiani kwa makosa matatu ya kumshambulia kingono mwanamke aliyepoteza fahamu. Mwendesha mashtaka alikuwa ameomba miaka 6. Kila adhabu inapowaudhi watu, kesi hii ndiyo hutolewa mfano, na mara nyingi husimuliwa vibaya.

"Jaji alivunja sheria."

Hakuivunja, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe. Kwa mtu aliyemshambulia mwenzake akikusudia kubaka, sheria ya wakati ule ilikataza probesheni (uangalizi wa nje, unaoweza kutanguliwa na kifungo kifupi cha jela ya kaunti badala ya gereza la jimbo), lakini iliacha mlango mmoja: kama kesi si ya kawaida na maslahi ya haki yanadai hivyo, jaji angeweza kuitoa. Persky alipita mlango huo. Alitazama umri wa mshtakiwa na kwamba hakuwa na rekodi ya jinai, na idara ya probesheni nayo ilikuwa imependekeza jela ya kaunti badala ya gereza la jimbo. Tume ya nidhamu ya majaji ilipokea malalamiko, ikachunguza, na Desemba 2016 ikafunga faili: haikupata ushahidi wa wazi wa upendeleo wala utovu wa maadili.

Unaweza kusema alipima vibaya, nasi tunaona hivyo. Jeff Rosen, mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti, hakukubaliana na adhabu ile. Lakini Rosen huyohuyo alipinga jaji kung'olewa.

"Akamwachia baada ya miezi 3."

Hiyo ilikuwa hesabu ya sheria, jaji hakuhusika. Katika jela ya kaunti, mfungwa mwenye tabia njema akikaa siku 2 huhesabiwa 4. Miezi 6 ikawa 3, Turner akatoka tarehe 2 Septemba 2016. Nje alikuwa na probesheni ya miaka 3, na jina lake liliingizwa maisha katika orodha ya wahalifu wa kingono.

"Jaji aking'oka, adhabu inarekebishwa."

Kura haigusi faili la kesi. Siku Persky anang'oka, Turner alikuwa uraiani kwa miezi 21. Kilichoziba ufa ni bunge la jimbo: tarehe 30 Septemba 2016 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria iliyofunga ule mlango, kwamba anayemshambulia kingono mtu aliyezimia au aliyelewa hata asiweze kuridhia hapati probesheni, anakwenda gerezani. Ilichukua chini ya miezi minne tangu adhabu itolewe. Waliotaka jambo lile lisijirudie walikuwa wameshalipata kabla sahihi ya kwanza ya kumng'oa jaji haijakusanywa.

"Lazima kuwe na sababu nzito."

Katiba ya California inasema utoshelevu wa sababu hauhojiwi. Utaratibu ulikuwa huu. Wanaotaka kumng'oa jaji huandika notisi yenye sababu zisizozidi maneno 200, naye ana siku 7 za kujibu, maneno 200 vilevile. Kisha zinatafutwa sahihi za asilimia 20 ya kura za uchaguzi uliopita. Santa Clara zilihitajika 58,634, wakapeleka zaidi ya 94,000. Ziada ni ya lazima, maana sahihi hukatwa kwa wingi: huyu hakujiandikisha kupiga kura, yule anaishi kaunti nyingine, mwingine ametia saini mara mbili. Karatasi ya kura ilikuwa na maswali mawili: aondolewe au abaki, na nani ashike nafasi. Aliyeshinda, Cindy Hendrickson, alitoka ofisi ya waendesha mashtaka.

"Marekani yote iko hivyo."

Majaji wa shirikisho hushika kazi maisha, na Bunge pekee ndilo linaloweza kuwaondoa. Washington, Idaho na Michigan zinaruhusu wananchi kuwang'oa viongozi waliowachagua, ila majaji wametengwa kando. Mwaka 1911 Rais Taft aliikatalia Arizona kuwa jimbo kwa sababu katiba yake iliruhusu majaji kung'olewa kwa kura. Arizona ikakifuta kifungu, ikakubaliwa Februari 1912, na Novemba ya mwaka huohuo ikakirudisha! Hata panaporuhusiwa, hutokea kwa nadra: kabla ya Persky, jaji wa mwisho California alikuwa wa 1932, na Marekani nzima wa 1977, huko Wisconsin.

Watu huchanganya pia na kura ya kumbakiza jaji kipindi chake kinapokwisha. Hiyo ndiyo iliyomwondoa Jaji Mkuu Rose Bird wa California mwaka 1986, kwa sababu alizipinga hukumu za kifo zilizofika mbele yake.

"Watakaoogopa ni majaji wanaowabeba watoto wa matajiri."

Hofu haichagui. Uchunguzi wa adhabu za Pennsylvania, uliochapishwa 2004, ulionyesha majaji wakiongeza vifungo kadiri uchaguzi wao ulivyokaribia. California nako, watafiti waliona adhabu zikipanda baada ya kampeni dhidi ya Persky kutangazwa. Wanaojaa mahakamani kila asubuhi ni watu wanaotetewa na mawakili wa utetezi wanaolipwa na serikali, kwa kukosa pesa, na mawakili hao walikuwa mstari wa mbele kupinga kura ile.

"Tanzania na Kenya nasi tuige."

Kenya, Ibara ya 104 ya Katiba inawaruhusu wapiga kura kuwaondoa wabunge, si majaji. Malalamiko dhidi ya jaji, ambayo mtu yeyote anaweza kuyaandika, huenda Tume ya Huduma za Mahakama, kisha kwa jopo maalumu. Tofauti kubwa zaidi ni ya rufaa. California mwendesha mashtaka hawezi kukata rufaa kwa sababu tu adhabu halali ni nyepesi mno. Tanzania, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) asiporidhika na adhabu ya mahakama ya chini, anaipeleka Mahakama Kuu.