Udongo mweusi wa kinamasi: vile watu husema na vile mambo iko

Juzi mteja wangu mmoja wa pande za Ahero, Kisumu, alinishukia hapa kitaluni Nakuru na gunia, amelileta na matatu kutoka huko kwao, akalifungua mbele yangu na ndani ni udongo mweusi tititi, mwepesi, nyuzinyuzi za mizizi ya mafunjo bado zinaonekana na ile harufu ya kinamasi ikapanda mpaka mlangoni. Akaniambia, "Mama, si hii ndiyo ile piti mosi mnanunuanga bei kali ikitoka Ulaya? Sisi tuko nayo bure huko kwetu, nitafutie tu soko." Na hayuko peke yake, kila msimu wa miche nasikia maneno kama hayo, mwingine anasema ni mbolea, mwingine anasema serikali za nje zilishapiga marufuku, mwingine anataka tuchome kama makaa, kwa hivyo nimeona niandike yote mara moja kwa sababu watu wanaumia na uongo wa hii kitu, na kinamasi chenyewe kinaumia zaidi.

Kwanza huyo mteja hakukosea sana. Piti ni mimea iliyokufa ikalala ndani ya maji, hewa haifiki, kwa hivyo haiozi ikaisha, inalundikana tu mwaka baada ya mwaka. Kule kaskazini mwa Ulaya na Canada mimea yenyewe ni midogo laini inaitwa spagnamu, huku kwetu kwenye vinamasi ambavyo haviishi maji ni mafunjo na matete. Shida ni mwendo wake. Inajengeka kama milimita moja hivi kwa mwaka, yaani mita moja ni kama miaka elfu moja, na yeye alikuwa amechimba kama futi moja kwenda chini. Nilimwambia, baba, hapo umebeba kitu kama miaka mia tatu kwa gunia moja. Akanyamaza kidogo.

Sasa, "piti ni mbolea." Hapana. Hii ndiyo nasikia kuliko zote na ndiyo inaua miche ya watu. Piti ya spagnamu haina chakula cha maana cha mmea ndani yake, na iko na asidi kali, pH ya kama 3.5 hadi 4.5, ndiyo maana hao wanaoifunga kwa mifuko huiongeza chokaa na mbolea kabla haijafika dukani. Watu wa vitalu wanaipendea kitu kingine kabisa, inashika maji mengi na bado inaacha nafasi ya hewa, ni nyepesi kubeba, na haina mbegu za magugu. Ukitoa udongo wa kinamasi ukaweka moja kwa moja kwa trei ya nyanya ukingoje muujiza, utangoja sana. Mimi na yule mteja tulijaribu, tukaanika sahani moja ya udongo wake juani siku kadhaa, ukakauka ukawa kama vipande vya biskuti, halafu nikamwaga maji polepole juu. Maji yalikaa yakawa matone, yakateleza yakaanguka kando vile maji huteleza kwa jani la nduma. Hiyo ni tabia ya piti ikikauka kabisa, inakataa maji, na kuilazimisha inywe tena ni kazi. Hapo kinamasini ilikuwa imelowa siku zote, ndiyo maana ilikuwa inaonekana kama sponji.

"Kokopiti si ni piti tu?" Jina ndilo linachanganya watu. Kokopiti ni unga wa makumbi ya nazi, haijawahi kuona kinamasi, inatoka Pwani na nyingine nyingi inatoka India na Sri Lanka imebanwa kama tofali, ile ya kilo 5 ukiiloweka inafura mpaka lita sitini na zaidi. Baadhi ya mashamba ya maua hapo Naivasha yanapanda waridi ndani ya kokopiti au pumisi, ile mawe mepesi ya volkano, hakuna piti ya kinamasi hapo. Tofauti kubwa ya kutunza ni chumvi. Makumbi yanakuja na chumvi za potasiamu na sodiamu, kwa hivyo lazima ioshwe vizuri na ilowekwe na kalisiamu naitreti ndiyo itulie. Hii niliijua kwa machozi. Kuna muuzaji aliniuzia mifuko imeandikwa piti mosi, kumbe ndani ni kokopiti ambayo haijaoshwa, nikapanda kabeji trei arobaini na, kwa kudhani ni piti, nikaongeza chokaa juu ya ile chumvi, majani yakaungua pembeni wiki ya pili na wateja walikuwa washalipa dipositi. Kwa hivyo ukinunua, shika mkononi. Kokopiti ni ya kahawia, iko na vijinyuzi vifupi vigumu na unga kama wa mbao. Piti ni laini zaidi.

"Ni mimea, kwa hivyo inarudi kama miti." Hii inasemwa hata na watu wamesoma, hasa wakitaka kuichoma kama nishati. Mti wa kuni unaukata leo, miaka kumi mingine uko nao. Piti ukiichoma leo, kinamasi kinahitaji maelfu ya miaka kuirudisha, na hiyo ni kama bado kuna maji. Halafu kwa kila joto unalopata, piti inatoa hewa ya ukaa zaidi ya makaa ya mawe. Hesabu za jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa zinaiweka tani 106 za hewa ya ukaa kwa kila terajuli (ni kipimo cha joto), makaa ya mawe ya kawaida ni kama 95. Ndiyo maana kule Umoja wa Ulaya mtambo ukichoma piti unalipia hewa chafu sawa na mwenye makaa ya mawe. Finland wamechoma piti miaka mingi kupasha nyumba joto, serikali yao ikapanga kupunguza angalau nusu kufikia 2030, lakini bei ya hewa chafu ikapanda na kampuni zikaanza kuacha haraka kuliko vile serikali ilipanga, mpaka ikabidi serikali itafute pesa ya kusaidia wenye mashini za kuchimba waliobaki na madeni. Hiyo sehemu ya madeni naomba watu wa sera wa kwetu waisome mara mbili.

"Ulaya washapiga marufuku, sisi ndio tumebaki nyuma." Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ukweli wake umejipinda.

Ireland ndio watu wa piti kabisa, wako na kampuni ya serikali, Bord na Móna, tangu 1946, iliyokuwa inachimba vinamasi na kulisha mitambo ya umeme. Januari 2021 hiyo kampuni ikatangaza imeacha kuchimba piti kabisa, na mitambo miwili ya umeme ilikuwa imefungwa mwezi mmoja tu kabla, ya Shannonbridge na Lanesborough. Watu wakasikia hiyo wakasema imeisha. Haikuisha. Tangu Oktoba 31, 2022 piti ya kuwasha moto huwezi kuiuza kwa duka wala kwa intaneti huko, lakini familia iliyo na haki ya jadi ya kukata kwa kinamasi chake bado inakata ya moto wa nyumbani, kwa sababu wazee wa vijijini walikataa kabisa na wanasiasa wakawasikia. Na upande wa vitalu, watu kama mimi, ndiko kulikuwa na kizaazaa. Mahakama Kuu yao ilikuwa imeamua 2019 kwamba kuchimba eneo linalozidi hekta 30 lazima kupitie ruhusa ya mipango na tathmini ya mazingira, uchimbaji ukasimama, wakulima wa uyoga na miche wakakosa piti, na Septemba 2021 meli ikatia nanga Ireland imebeba piti kutoka Latvia. Yaani nchi yenye vinamasi vya piti kila upande ikaagiza piti ya jirani. Kinamasi cha Ireland kikapumzika, cha Latvia kikachimbwa, na juu yake mafuta ya meli.

Mimi hiyo hadithi iliniingia. Sera nyingi zinazuia mahali pa kuchimba, hazigusi mahali pa kutumia, na mfuko unahama tu.

Uingereza nao wakajaribu upande wa duka. 2011 serikali iliomba watu wa bustani za nyumbani waache kwa hiari kufikia 2020. Hawakuacha. 2022 serikali ikatangaza kwamba kwa England mifuko ya piti ya watu wa nyumbani itakatazwa kuuzwa kufikia 2024, na 2024 ikapita sheria ikiwa haijapitishwa. Kwa hivyo mtu akikuambia Uingereza piti ni haramu, mwambie ilitangazwa, na kutangazwa na kuwa sheria ni vitu viwili, sisi Wakenya hilo hatuhitaji kufundishwa.

"Rwanda wanachoma piti wanapata umeme, mbona sisi tumekalia mali?" Kweli Rwanda wanachoma, walijenga mtambo wa Gishoma wa megawati 15 na ule mkubwa wa Gisagara wa kama megawati 80, na Burundi wako na shirika la serikali la piti tangu miaka ya 70. Lakini angalia ramani ya nishati yao, walikuwa wanatafuta chochote kilicho ndani ya mipaka yao. Sisi hapa Nakuru kaunti tuko na mitambo ya mvuke ya Olkaria, tuko na volkano ya Menengai inayofuka moshi juu ya vichwa vyetu, na mvuke wa ardhini ndio unatoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote Kenya. Kwenda kuchimba vinamasi vya Yala au Nyando kutafuta umeme na wewe unakaa juu ya chungu kinachochemka, hiyo mimi siielewi.

Na kinamasi ukikikausha, hata kama hutachoma kitu, kinaendelea kukulipisha. Hewa ikiingia piti inaanza kuoza, ardhi inashuka. Kule England mahali panaitwa Holme Fen walizika nguzo ya chuma katikati ya karne ya 19, kichwa chake sawa na ardhi, na leo hiyo nguzo imesimama juu kama mita 4. Nguzo haijatoka, ni ardhi imeshuka. Na moto ukiingia piti iliyokauka haulali, unatambaa chini kwa chini wiki na wiki. Indonesia 2015 hekta milioni 2.6 ziliungua, kama theluthi moja ni ardhi ya piti, nyingi ilikuwa imekaushwa kwa mifereji, na mwaka uliofuata serikali ikaanzisha wakala maalum wa kurudisha ardhi za piti, kazi yake mojawapo kuziba mifereji ile ile iliyochimbwa kwa pesa.

"Kinamasi ni ardhi imelala, na Kenya hakuna sheria ya piti." Sheria yenye jina la piti sijaiona, ni kweli, lakini kinamasi kina sheria. Kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira, ile EMCA ya 1999, kinakataza kukausha, kuchimba au kuvuruga kinamasi bila idhini ya maandishi, na 2009 zikaja kanuni za vinamasi, kingo za mito na fuo za maziwa, zote NEMA, mamlaka ya mazingira ya serikali, ndio wanasimamia. Hata ukiwa na taitoli mkononi, hiyo sheria inakufuata kwa shamba lako. Tena hapa hapa Nairobi, Machi 2019, mataifa yalikaa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, yakapitisha azimio la kulinda ardhi za piti, kwa hivyo si kusema hatukuwa ndani ya nyumba.

Na imelala vipi? Kinamasi cha Yala ni kama hekta 17,500, ndani yake kuna nzohe, yule swala wa kinamasi, kuna kamongo na kambale, kuna akina mama wanakata mafunjo wanasuka mikeka ya kuuza Kisumu. Kukata mafunjo si kuchimba piti, hapa watu huchanganya mpaka wanawasumbua wasusi bure. Fundi wa mikeka anakata bua, mzizi unabaki majini, baada ya miezi kadhaa yamesimama tena. Anayechimba anabeba mzizi pamoja na kitu kilichoushikilia, hapo hakuna kusimama tena.

Yule mteja aliuliza swali moja la haki: basi sisi watu wa huko tuuze nini, na nyinyi mnataka kitu chepesi cha trei? Nikamuuliza viwanda vya mchele hapo Ahero hutupa wapi makapi ya mpunga. Akasema huwa ni milima, wengine huchoma tu barabarani. Makapi yakichomwa nusu nusu, yawe meusi bila kuwa majivu, ni mazuri sana kwa kupitisha hewa na maji, ila yanapandisha pH kwa hivyo huwezi kuyatumia pekee. Jumanne ya wiki iliyopita akaleta magunia sita. Tumeyachoma kwa pipa lenye bomba katikati, tukayamwagia maji haraka, nikachanganya na kokopiti iliyooshwa na mboji iliyochujwa. Trei tatu za sukuma ziko siku ya tisa, zimeota karibu zote, majani mawili mawili, na asubuhi nikimwagilia maji yanaingia yote. Udongo wake alirudi nao kwa gunia lile lile, akasema ataumwaga pale alipoutoa.