Nguvu za miguu uzeeni: maswali na majibu

Mama ana miaka 72. Akishasimama anatembea vizuri, ila hainuki kwenye kiti mpaka ashike meza. Ni uzee tu?

Uzee umo, lakini si peke yake. Baada ya miaka 60 misuli hupungua kwa kasi, na ya mapaja na makalio, ambayo ndiyo humwinua mtu, hudhoofika mapema ikikosa kazi. Hata siku 10 za kulala kitandani kwa ugonjwa humtoa mzee nguvu za miguu. Halafu kuna kosa linalofanywa kwa mapenzi: "Mama, kaa tu, nitakuletea." Maji analetewa, kanga inaanuliwa na mjukuu. Mwacheni ainuke. Kuinuka huko mara ishirini kwa siku ndiko kulikokuwa kukiitunza miguu yake.

Nitampimaje nyumbani?

Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Akunje mikono kifuani, asimame wima kabisa kisha aketi, arudie kwa sekunde 30. Hesabu mara alizosimama. Kwa umri wa miaka 70 hadi 74, mwanamke asiyefikisha 10, au mwanaume asiyefikisha 12, yumo kwenye hatari ya kuanguka. Akilazimika kutumia mikono, matokeo ni sifuri. Kaa karibu naye muda wote.

Anatembea kila asubuhi. Haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wapate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli kama kutembea kwa haraka, lakini pia mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na ya kujizuia kuyumba siku 3 au zaidi. Kutembea sehemu tambarare hakuyapi mapaja mzigo wa kutosha.

Zoezi la kwanza ni lile lile la kiti. Asogee ukingoni, arudishe nyayo kidogo nyuma ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu. Wasioinama mbele ndio wanaorudi kitini kwa kishindo. Kushuka kuwe polepole, kwa kuhesabu hadi tatu. Anayejitupa anapoteza nusu ya faida. Asibane pumzi, maana presha hupanda. Afanye mara 8, apumzike dakika mbili, arudie. Ikimshinda, weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti: kimo kikipanda, kazi hupungua. Mara 12 zikiwa rahisi, liondoe.

La pili, ashike nondo za dirisha na kunyanyua visigino mara 10. La tatu, asimame kwenye kona ya chumba, kiti kikiwa mbele yake, mguu mmoja mbele ya mwingine hadi kisigino kiguse vidole, kwa sekunde 10.

Magoti yanamuuma. Aache?

Asiache. Paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo. Maumivu madogo yanayotulia ndani ya siku moja yanavumilika. Yakizidi kesho yake, punguza idadi kwa nusu. Goti lililovimba, lenye joto, pamoja na homa, ni la hospitali.

Fimbo ashike mkono upi?

Mkono ulio kinyume na mguu unaouma, na fimbo iende mbele pamoja na mguu huo. Akisimama na viatu vyake, mikono ikining'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale inapofungwa saa. Chini iwe na raba isiyolika. Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu unaouma hutangulia kushuka.

Na chakula?

Chai ya rangi na mkate asubuhi, uji mweupe jioni: misuli haijengwi hivyo. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, asipokuwa na ugonjwa wa figo. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Dagaa waliosagwa humfaa asiye na meno.

Huanguka usiku akienda chooni.

Akiamka aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, kwa sababu damu huchelewa kupanda kichwani. Dawa za presha na za usingizi huzidisha hali hiyo. Mpelekeeni daktari dawa zote anazotumia, msimkatishe wenyewe. Ondoa mkeka unaokunjamana njiani, acha taa ikiwaka, na badala ya kandambili mpe viatu vinavyoshika kisigino. Mguu ukilegea ghafla upande mmoja, au mdomo ukipinda, hiyo ni dalili ya kiharusi: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.