Kikundi cha utafiti wa kemia chuoni: nani yumo, na anafanya nini

Kikundi cha utafiti ni watu wanaofanya kazi chini ya mwanasayansi mmoja wakifuatilia swali moja, au maswali ya ukoo mmoja, kwa miaka mingi. Si idara. Idara ina mkuu aliyeteuliwa, ratiba ya vipindi na mitihani ya kusahihisha. Kikundi hakina katiba, na mara nyingi hujulikana kwa jina la profesa wake. Akihamia chuo kingine, kinaweza kumfuata au kusambaratika. Wala si mradi. Mradi una tarehe ya kufungwa, ilhali kikundi kinaweza kupitia miradi mitano, mmoja ukiisha fedha mwingine umeshaanza.

Mfano tutakaoutumia hapa ni kikundi cha kemia ya nyenzo, tawi la kemia linaloshughulika na kutengeneza vitu vya kufanyia kazi fulani: kichujio cha maji, poda ya ndani ya betri, sementi isiyopasuka. Mkemia wa tawi hili hatosheki kujua kitu kimeundwa na nini. Anataka kujua kwa nini muundo ule unafanya kazi ile, na ukiguswa kidogo itakuwaje.

Kwa kanda ya kati ya Tanzania, swali linaloeleweka haraka ni la maji. Visima vingi vya Dodoma na Singida vina chumvi, na baadhi vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. (Viwango vya Tanzania viliwahi kuruhusu hadi 4.) Floraidi ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi zaidi kwa miaka mingi hushambulia mifupa. Dawa mojawapo hutoka machinjioni: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika hewa kidogo mpaka ikawa mkaa, na madini ya kalsiamu na fosfati yaliyomo hunasa floraidi maji yanapopita. Njia hii imefanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Ugumu wake uko kwenye joto. Lisipotosha, maji hutoka na rangi na harufu ambayo hakuna mama wa nyumbani atakayeivumilia. Likizidi, mfupa huwa mweupe na uwezo wake wa kunasa hupungua.

Sasa tufikirie kikundi cha Dodoma kinachotafuta namna bora ya kuuchoma mfupa huo.

Kiongozi wake, profesa au mhadhiri mwandamizi, hashiki chupa za maabara mara nyingi kama watu wanavyodhani. Muda wake unakwenda kwenye kuandika maombi ya ruzuku, kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia au kwa wafadhili wa nje, kusoma rasimu za wanafunzi, na kuhangaikia kemikali, ambazo kuziingiza nchini kunapitia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ndiye anayeamua swali lipi lifuatwe na lipi liachwe. Uamuzi huo wa kuacha, kwa maoni yangu, ndio unaomtofautisha kiongozi mzuri.

Kazi yenyewe hubebwa na wanafunzi wa uzamivu. Kwetu wengi wao ni wahadhiri wasaidizi walioajiriwa tayari: asubuhi wanafundisha mwaka wa kwanza, jioni ndipo wanawasha tanuri. Mtu akishangaa kwa nini uzamivu wa miaka mitatu umefika wa sita, ajibiwe hapo. Wa umahiri huchukua kipande kimoja cha swali, tuseme maji ya kijiji kimoja, na kuandikia tasnifu. Wa shahada ya kwanza huja na mradi wa mwaka wa mwisho, husaga mifupa, hupima, kisha huhitimu wakati ndiyo kwanza mikono imezoea. Mtafiti wa baada ya uzamivu, ambaye Ulaya ni mtu wa kawaida katika kila maabara, huku ni nadra, kwa sababu anahitaji mshahara unaotoka kwenye ruzuku.

Kisha yupo fundi sanifu wa maabara. Yeye ndiye anayejua kwamba tanuri likiandika nyuzi 500, ndani huenda zimeshapita 540, na kwamba sampuli ya rafu ya nyuma haiivi sawa na ya mbele. Kwa kazi ambayo joto ndilo kila kitu, anayejua hilo ameshika nusu ya matokeo. Wanafunzi huja na kuondoka. Yeye hubaki na kumfundisha kila anayeingia. Hata hivyo, makala ikichapishwa jina lake mara nyingi huishia kwenye mstari wa shukrani. Katika kemia, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na la mwisho ni la kiongozi. Aliyegundua kwamba tanuri linadanganya angefaa kuwekwa katikati hapo, na vikundi vinavyofanya hivyo vipo.

Washirika wa nje nao huhesabiwa kwa namna fulani. Hadubini ya elektroni na mashine ya eksirei inayoonyesha mpangilio wa atomu ni vyombo vya gharama kubwa, kwa hiyo poda hufungwa kwenye vichupa na kupelekwa vilipo, mji mwingine au nchi nyingine. Mara nyingi anayezipima huongezwa kwenye orodha ya waandishi ingawa hajawahi kukanyaga Dodoma.

Ukitaka kujiunga na kikundi cha namna hii, soma makala zake mbili tatu za karibuni, kisha mwandikie kiongozi ukitaja swali linalokuvutia, badala ya kumtumia vyeti vitupu. Kabla ya kusaini chochote, mtafute mwanafunzi wa uzamivu aliyemo na umuulize mambo mawili: ni mashine ipi inafanya kazi leo, na rasimu hukaa mezani kwa profesa muda gani.