Je, wajua kwa nini eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wa Ankole, Uganda, humdhuru mmoja na kumwacha mwingine?

Kwenye kuhingira moja, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi, huko Mbarara, bakuli la eshabwe lilipofika mezani kwetu, jirani yangu alisita. Daktari alikuwa amemkataza maziwa. Akamuuliza mama aliyekuwa akipakua, "Mama, humu mna maziwa?" Naye akamjibu kwa upole, "Hamna, mwanangu. Ni samli, maji na chumvi tu."

Kwa wapishi wengi, maziwa ni yale yanayomiminwa. Samli ni kitu kingine. Tumbo halina ubaguzi huo, ila linataka kujua unakwepa nini hasa, kwa sababu maziwa yana vitu viwili vinavyosumbua watu.

Cha kwanza ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Utumbo mwembamba huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Baadhi ya jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zina badiliko la jeni linalokidumisha hadi uzeeni. Asiye nacho cha kutosha, laktosi humshukia utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, tumbo likajaa gesi, na mwenyewe akaanza kuuliza choo kiko wapi. Ni adha, lakini haiui.

Cha pili ni protini: kaseini na zile zilizomo kwenye maji yanayobaki jibini ikishaganda. Huu ni mzio. Kinga ya mwili huzichukulia kama adui, ngozi ikatoka vipele, midomo ikavimba, hata pumzi ikabana. Tone moja linaweza kutosha.

Sasa rudi kwenye bakuli. Samli ya eshabwe haichemshwi. Hupigwapigwa na maji baridi na chumvi ya mwamba hadi iwe nyeupe na laini kama krimu. Maziwa yaliposukwa, sehemu kubwa ya laktosi iliondoka na mtindi uliomwagwa pembeni, kwa hiyo mtu wa laktosi kwa kawaida anaweza kuonja kijiko bila tabu. Protini hazikuisha. Mwenye mzio asiiguse, na hata samli iliyochemshwa aiogope.

Chai ya maziwa ya hotelini, ile inayoandikwa African tea, inategemea mkono wa mpishi. Mililita 250 za maziwa matupu zina gramu 12 hivi za laktosi, na wengi wenye tatizo hilo huzistahimili wakinywa pamoja na chakula. Bongo, yaani maziwa yaliyochachushwa, huwa nafuu zaidi, maana bakteria wake wameshajilia sehemu ya sukari. Maziwa ya mbuzi, ambayo kila mtu anakushauri, hayasaidii: laktosi imo, na protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Shida kubwa iko dukani. Mkate, biskuti, soseji, majarini na krispi zenye ladha vinaweza kuwa na unga wa maziwa. Kwenye pakiti tafuta maneno milk, whey na casein. Kinachonikera zaidi ni ile krimu ya unga ya chai inayojitangaza kuwa si ya maziwa, kumbe mara nyingi ina kaseini ndani yake.

Mayai ya rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, si maziwa, ingawa dukani hukaa rafu moja. Ulizia chapati ilikandwa na nini. Binyebwa, mchuzi wa karanga, ni salama kama hakuna aliyeongeza maziwa jikoni. Na anayehofia mifupa kukosa kalisi, mukene, yaani dagaa, huliwa na miiba yake yote.

Jirani yangu, tulikuja kujua baadaye, alikuwa mtu wa laktosi tu. Siku ile alikula karo, ule ugali wa wimbi, kwa binyebwa, na sehemu yake ya eshabwe nikaimaliza mimi.