Rivasi ya kigari cha umeme cha mtoto: nyaya ni rahisi, kazi iko kwenye kizuizi

Wengi wakitaka rivasi kwenye kigari cha mtoto hununua swichi ya pini sita, wanapishanisha nyaya mbili za mota, basi. Kigari kitarudi nyuma, hilo halina ubishi. Balaa ni pale mtoto atakapoigusa swichi hiyo akiwa mbioni. Ndiyo maana rivasi inahitaji kizuizi, yaani mpangilio unaoikataa mpaka breki ishikwe kwanza.

Nazungumzia mota ya brashi ya volti 24, wati 250, kontrola yake ya kawaida (kisanduku kinachodhibiti umeme wa mota), na betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Ndani ya kontrola hiyo kuna daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyokaa sambamba na mota. Mota inayozunguka huzalisha umeme wake yenyewe. Ukigeuza nyaya ghafla, umeme huo hupita kwenye daiodi bila kuzuiwa na mota inapiga shoti. Magurudumu ya nyuma yanakaza, kigari kinaserereka, na daiodi au transista (swichi za kielektroniki) za kontrola zinaungua. Transista hizi zikifa, mara nyingi hufa zikiwa zimeshikana: umeme unapita wote, eksileta ikanyagwe isikanyagwe.

Kwa hiyo kabla ya rivasi funga swichi ya dharura. Ikate waya mkuu wa pozitivu wa betri, si kawaya ka eksileta, na ikae nyuma ya kiti, mahali mtu mzima anayekimbia kando anaifikia. Hakikisha imeandikwa kuwa inafaa DC, yaani umeme wa betri. Fyuzi ya ampea 30 ikae jirani kabisa na betri.

Kisha tazama cheni. Tanga ni mji wa baiskeli, na vigari vingi hufungwa friwili kwa sababu ndiyo iliyopo. Friwili haisukumi kinyume. Mota itazunguka tu na kigari kisitikisike. Unahitaji spoketi iliyofungwa moja kwa moja na ekseli. Nati ya spoketi ya mota nayo iwekewe washa ya kufunga, maana mzunguko wa kinyume unaweza kuilegeza. Kama kuna kikaza cheni, kumbuka kwamba ukirudi nyuma upande uliokuwa umelegea ndio unaovutwa, na kikaza cha springi dhaifu kitaiachia cheni iruke.

Sasa rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme. Chukua mbili za pini tano, volti 24, zile za malori. Koili ikilala pini 30 inagusana na 87a, ikivuta inagusana na 87. Rilei A: pini 30 kwenye waya wa kwanza wa mota, 87a kwenye pozitivu ya mota itokayo kwenye kontrola, 87 kwenye negativu yake. Rilei B: pini 30 kwenye waya wa pili wa mota, 87a kwenye negativu, 87 kwenye pozitivu. Koili zake (85 na 86) zifanye kazi pamoja. Zikilala bila umeme, kigari kinaenda mbele, zikivuta, kinarudi. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba rilei moja ikigoma, nyaya zote mbili za mota zinaangukia upande mmoja na kigari hakiendi popote, wala kontrola haipigwi shoti. Soma ampea kwenye kifuniko: 87a kwa kawaida hubeba pungufu ya 87, nawe safari zote za mbele unazipitisha hapo. Mota hii ikibeba mzigo wake kamili hula kama ampea 13, na wakati wa kuondoka huzidi. Kila koili iwekewe daiodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea pozitivu.

Kizuizi chenyewe kinahitaji rilei ya tatu, C, ya pini nane yenye miguso miwili, pamoja na taima ya volti 24 na swichi ya nafasi tatu yenye njia mbili: mbele, katikati, nyuma. Njia ya kwanza ikiwa nyuma hutoa umeme wa koili, lakini umeme huo haufiki kwa C mpaka mtoto ashikilie breki sekunde 3 mfululizo. Hapo taima inafunga. C ikishavuta inajishikilia kwa mguso wake wa kwanza, na hapohapo inalisha A, B na king'ora cha kuonya kuwa kigari kinarudi nyuma. Breki iunganishwe pia na nyaya za kontrola za kukata umeme wa mota, ili A na B zibadilike bila umeme kupita kwenye mota.

Njia ya pili hubeba ishara ya eksileta. Mbele inapita moja kwa moja. Nyuma inapita kwanza kwenye rezista mbili, kisha kwenye mguso wa pili wa C. Bila C kuvuta, eksileta imekufa, na mtoto hawezi kudhani anarudi nyuma huku akienda mbele. Rezista ya kilo-omu 2.7 itoke kwenye eksileta, ya 2.2 ishuke negativu, na ishara ya rivasi ichukuliwe katikati yake. Kwenye waya wa ishara unaoingia kontrola weka ya kilo-omu 10 hadi negativu, ili swichi ikiwa katikati ishara isielee. Eksileta ya volti 4.2 itatoa takriban 1.7. Kontrola nyingi huanza kusukuma karibu na volti 1.1, hivyo utapata mwendo wa mtu anayetembea. Mchangani kikishindwa kuondoka, badili ile ya 2.7 uweke 2.2. Usishuke zaidi ya hapo.

Breki ya mkanda ndiyo wanayoisahau wengi. Hujikaza yenyewe upande mmoja wa mzunguko; upande wa pili hushika kidogo tu. Ijaribu kwenye mteremko, kigari kikirudi nyuma na mtu mzima akikishika, kabla mtoto hajakaa. Ikiteleza, weka ya diski.

Majaribio mengine yote fanya magurudumu yakiwa hewani, ekseli juu ya matofali. Zungusha mbele kwa kasi, tupa swichi nyuma bila kugusa breki: mota iendelee kupunguza kasi yenyewe, rilei zisilie, king'ora kinyamaze. Kisha chomoa waya wa taima, baadaye wa C, baadaye wa eksileta, mmoja mmoja. Kila mara kigari kikatae kurudi nyuma.

Viungo vibane kwa koleo na kuvifunika mpira wa kusinyaa, kisha pakaa grisi. Kwa chumvi ya upepo wa pwani, waya uliosokotwa tu na kufungwa utepe hugeuka kijani mapema.