Athi mbovu ni nini, na kwa nini gari inagoma leo halafu kesho inawaka yenyewe

Kama una gari ya miaka ya tisini au elfu mbili mwanzoni, Corolla, Carina, Noah za zamani, hii unaijua. Asubuhi unapiga stata inafanya tik halafu kimya, unafungua boneti unagusagusa vichwa vya betri, unarudi ndani inawaka kama vile haikuwa yenyewe. Ukiipeleka gereji siku hiyo inawaka mara kumi mfululizo, wewe ndo unaonekana mtata. Na kwa sababu fundi lazima aseme kitu, anasema betri imekufa. Mimi nilinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja kwa style hiyo, na ugonjwa ulikuwa kipande cha waya ambacho hata hela ya chakula cha mchana inakinunua.

Sasa athi ni nini. Athi ya nyumbani unaijua, ule waya unaozikwa ardhini. Kwenye gari haina uhusiano wowote na ardhi, matairi yenyewe mpira. Athi ya gari ni njia ya umeme kurudi nyumbani. Umeme unatoka betri upande wa chanya kwa waya wake, unafika kwenye taa au stata unafanya kazi, halafu lazima urudi kwenye hasi ya betri. Wenye kiwanda badala ya kuvuta waya wa pili kwa kila taa wakaamua bodi lenyewe la chuma na injini ndo viwe waya wa kurudia. Kwa hiyo kutoka hasi ya betri kuna kebo inaenda kufungwa kwenye bodi na nyingine kwenye injini au gia boksi, na magari mengi yana kipande kingine cha waya uliosukwa kinachounganisha injini na bodi. Injini imekaa juu ya maunting za mpira, bila hizo kebo haina njia ya maana ya kurudisha umeme.

Athi mbovu basi ni pale hiyo njia ya kurudi inapokuwa na kizuizi. Haijakatika, ingekatika kabisa ungeiona siku hiyohiyo. Imeingia kutu ya kijani chini ya bolti, nyuzi za shaba zimekatika zimebaki chache, au mtu alipiga rangi bodi akafunga athi juu ya rangi. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa tuna chumvi ya baharini juu yake, inatafuna taratibu hata hujui. Halafu kwa sababu mguso ni wa kubahatisha, gari ikipita kwenye shimo unakaa, injini ikipata moto bolti inatanuka mguso unabadilika, usiku wa umande unaharibika tena. Hapo ndo panapotoka ile tabia ya leo imepona kesho imerudi.

Kinachowapoteza watu wengi ni kupima. Wanachukua mita ya kupimia umeme wanaweka kwenye mlio, inalia pii, wanasema waya mzima. Mita ikilia inapitisha umeme kidogo sana, hata unyuzi mmoja wa shaba unautosha. Stata inavuta ampea 150 hivi na zaidi. Fikiria bomba lililojaa uchafu, ukifunga koki presha ipo, utaapa bomba zima, ngoja ufungue koki maji yatoke uone yanavyodondoka matone. Piga hesabu, kizuizi cha omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita zetu hizi za njano haziwezi hata kukiona, kwa ampea 150 kinakula volti 1.5. Betri yako ya volti 12.6 ikibanwa na stata inashuka yenyewe mpaka kwenye 10 na kitu, toa na hizo moja na nusu zilizopotea njiani, stata itazunguka saa ngapi?

Kwenye kuchaji ndo panachanganya kabisa. Mwili wa alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, umefungwa kwenye injini, athi yake ni injini. Alteneta nyingi za Toyota zina waya mwembamba unaonusa volti za betri upande wa chanya ili zijue zichaji kiasi gani, ila upande wa hasi zinalinganisha na mwili wake zenyewe. Athi ya injini ikiwa mbovu, alteneta inajiona inatoa 14.2, imeridhika, wala taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki, kumbe betrini zinafika 13.3. Betri haijai hata siku moja, inakufa kwa njaa polepole, na wewe unanunua nyingine.

Dalili zake ukishazijua hazikupotei. Unawasha indiketa na taa za dashibodi zinacheza pamoja nayo. Unawasha taa kubwa mshale wa joto la injini unapanda wakati injini haijapata moto wowote. Na moja inayoniogopesha, umeme wa stata ukikosa njia yake unapita popote, hata kwenye kebo ya mafuta ya eksilereta, unakuta kebo ya pedali ina moto. Ukiona hivyo usiendelee kupiga stata, utaichoma.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mita iweke kwenye volti za DC, pale palipoandikwa 20, na kwanza angalia betri ya mita isiwe imechoka maana hizi za bei rahisi zikichoka zinasoma juu, utadhani alteneta inakaanga betri. Washa injini, washa taa kubwa, feni ya ndani na AC, gari ibebe mzigo. Ncha moja ya mita igandamize kwenye nguzo yenyewe ya risasi ya hasi ya betri, sio kwenye kibanio cha kebo, nyingine kwenye mwili wa alteneta sehemu iliyo chuma tupu. Hapo unasoma volti zinazopotea njiani kurudi. Ikizidi 0.2 umeshampata mwizi, sogeza ncha hatua kwa hatua, kibanio, kebo, bolti, mpaka uone anapokaa. Huku mwenzako anatingisha nyaya, namba ikirukaruka ndo hapo hapo. Halafu zima injini, mwambie apige stata ncha moja ikiwa kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye injini, na hapo isizidi nusu volti. Upande wa chanya fanya hivyohivyo, nguzo ya chanya mpaka bolti nene ya nyuma ya alteneta, ila angalia ncha zisiguse bodi.

Kurekebisha ni kazi ya nusu saa. Fungua hasi kwanza, irudishe mwisho. Msasa mpaka chuma king'ae, ule ukoko mweupe wa betri mwagia maji ya moto yenye magadi, kaza, paka mafuta ya mgando juu. Kebo ikiwa imevimba ndani ya mpira wake au ukiikunja inalia kwarakwara usiisafishe, ibadilishe, na uweke nene ya shaba kweli, sio waya wa spika.

Kitu kimoja naomba fundi wako asifanye, ile ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma eti anaangalia kama alteneta inachaji. Kwenye magari ya zamani sana walikuwa wanasalimika, ila yako ina kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, betri ikitoka ghafla volti zinaruka juu vibaya na unaweza kuondoka na kontrol boksi imekufa. Mita inakupa jibu lilelile bure.

Na ukikuta pande zote mbili ni safi, chini ya 0.2, lakini kuchaji bado kunakuja kunaondoka, hapo sasa ndo umhukumu alteneta. Angalia mkanda kama unateleza, halafu siku taa ya betri ikiwaka gonga mgongo wa alteneta kidogo kwa mpini wa bisibisi, ukiwa mbali na mkanda na feni. Ikianza kuchaji, kaboni zimeisha, vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kaboni zinauzwa peke yake, huna haja ya kununua alteneta nzima.