Saruji si dawa ya kila ukuta: dhana potofu kuhusu kukarabati nyumba ndogo ya mawe kwa vitu vikuukuu

Ukinunua au kurithi nyumba ndogo ya kale pwani, iwe Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, ushauri utaupata kabla hujafungua dirisha la kwanza. Jirani ana lake, fundi ana lake, mjomba naye ana lake. Wote wana nia njema, lakini baadhi ya ushauri huo unaua nyumba. Naandika kwa sababu nyumba hizi nazipenda, na inaniuma kuona moja ikiharibiwa na matengenezo yenyewe.

"Ukuta umechakaa, upige saruji."

Hapa ndipo madhara makubwa yalipo. Ukuta wa kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, mchanga na udongo. Chini yake hakuna kizuizi cha maji kama wanavyoweka mafundi wa leo, kwa hiyo unyevu hupanda kutoka ardhini, na chokaa huuachia utoke hewani taratibu. Lipu ya saruji ni ngumu na inauziba. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, umebeba chumvi iliyomo ukutani. Chumvi ikikauka hugeuka chembe zinazosukuma kutoka ndani, na baada ya misimu kadhaa lipu huvimba na kubanduka vipande vipande, pengine pamoja na uso wa jiwe. Mwenye nyumba akiona hivyo, huongeza saruji.

Ukuta wa namna hiyo unataka saruji ibanduliwe polepole, uachwe ukauke, kisha upigwe lipu ya chokaa. Chokaa ni mawe yaliyochomwa kisha yakazimwa kwa maji, na kadiri inavyolala shimoni ikiwa imefunikwa na maji ndivyo inavyolainika. Kuizima ni kazi ya kuvaa miwani na glavu, maana huchemka na kurukia macho. Ikishapigwa ukutani hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, basi inataka tabaka nyembamba, kunyunyiziwa maji na kukingwa na jua kwa siku nyingi. Fundi asiye na subira atakwambia chokaa haina nguvu. Mwoneshe majumba ya orofa mbili tatu ya Mji Mkongwe yaliyosimama kwa chokaa hiyohiyo zaidi ya miaka 100.

Rangi nayo ifuate mkondo huo. Rangi ya plastiki inaziba kama saruji. Chokaa ya maji, mikono kadhaa myepesi, inauacha ukuta upumue. Na vigae vinavyong'aa juu ya sakafu ya zamani huwa na tatizo hilohilo: unyevu uliozibwa chini hukimbilia kutani.

"Dari ya boriti imekwisha, mwaga zege."

Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kuta zilijengwa kubeba dari ya aina hiyo. Zege na nondo ni mzigo mwingine kabisa, na ukuta wa matumbawe unaweza kupasuka au kulala. Boriti ikioza, mara nyingi iliyooza ni ncha iliyozama ukutani, mahali maji ya paa au ya bafu yanapopenya. Ziba maji kwanza, kisha badilisha boriti mbovu moja baada ya moja. Na usianze bila kibali. Kwa Unguja, wa kuuliza yuko: Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe tangu 1985. Mji wenyewe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata 2001.

"Mbao yenye matundu haifai tena."

Kwa dhana hii watu hutupa makabati ya mvule na msaji na kununua ya vumbi la mbao lililogandishwa, ambalo hewa ya pwani hulivimbisha upesi. Matundu yanasema tu kwamba bungua walipita. La kujua ni kama bado wamo. Tundu la siku nyingi lina ukingo mweusi na halitoi unga. Tundu jipya lina rangi ya mbao mbichi, na unga mwembamba huanguka chini yake. Tandaza kitambaa cheusi chini ya kabati kwa wiki kadhaa, utajua. Na kama kabati la zamani ndiyo kwanza unataka kulinunua, choma miguu na viungo kwa ncha ya bisibisi: ikizama bila kushindana, liache hapohapo dukani. Ikigoma, umepata kitu ambacho seremala wa leo atakutoza pesa nyingi kukitengeneza upya, kama mbao hiyo ataipata.

Rangi kuukuu zina hatari yake. Nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na kuzipiga msasa zikiwa kavu ni kurusha sumu hewani. Zilowanishe, vaa barakoa, na watoto wasiwe karibu.

"Mbao za jahazi zinafaa kwa lolote."

Meza ya mbao za jahazi hupendeza sana, siwezi kukataa. Lakini mbao hizo zimeishi kwenye maji ya chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo usizigandamize kwenye ukuta wenye maji. Ndani yake mna misumari iliyokatika ambayo huvunja meno ya mashine ya randa. Tena vyombo vya baharini hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na harufu ya mafuta yale haitoki kwa sabuni. Nusa kabla hujalipa.

"Mlango wa kuchonga ukiuzwa, chukua."

Uliza kwanza umetoka wapi. Nyumba iliyoanguka, sawa. Ukiwa umeng'olewa kwenye nyumba iliyosimama, unapamba yako kwa kuivua nyingine, na mimi nakusihi usinunue. Badala yake tafuta bawaba, komeo na njumu za shaba. Ni rahisi kupata, na mlango wa kawaida ukivikwa hivyo huwa na heshima yake.

"Chumba kidogo kinataka rafu na makabati mengi."

Nyumba nyingi za aina hii zimejengwa na vidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ndani ya kuta, ila wamiliki wa baadaye wamevijaza mawe na kupiga lipu juu. Gonga ukuta, sikiliza panapolia tofauti. Kidaka kimoja kikifunguliwa hubeba vitabu, taa na vikombe bila kula hata inchi ya sakafu. Kitanda cha samadari nacho si kikubwa mno kwa chumba kama hicho, maana chini yake hupita masanduku; pima tu ngazi na uchochoro kabla ya kulipa, na hakikisha kinafumuliwa.

"Taa ya mtumba ni kuchomeka tu."

Vifaa vilivyotoka Japani vilitengenezwa kwa volti 100 na vya Marekani kwa 120, ilhali huku umeme wetu ni zaidi ya 200. Kwa taa ya shaba au ya kioo, chukua umbo lake, kisha fundi umeme abadilishe waya, kishikizio cha balbu na plagi kabla haijawashwa.